Kijani cha Mama

Jumanne jioni

Leo kati ya saa sita na saa nane, nikiwa sokoni Lubao, nimepoteza uso wa marehemu mama niliouchora ubaoni. Siku kumi na tisa za kazi. Shikuku, mume wa dada yangu, anayechoranga mabango ya maduka, ameupaka kahawia na kumwekea tabasamu.

"Nimekusaidia, shemeji. Mama alikuwa kijani kama chura. Wageni wa kumbukumbu wangecheka Jumamosi."

Kijani kile kilikuwa maumivu ya wiki zake za mwisho. Mikono niliichora mara mbili ya kichwa kwa sababu ndiyo iliyotulea sisi saba. Sura ya kufanana naye iko kwenye kitambulisho chake. Mimi sikulia hata siku ya mazishi. Kilio changu chote kilikuwa kwenye ubao ule, na sasa...

Nina ubao mwingine. Nitamchora Shikuku: mdomo robo tatu ya ubao, macho hakuna, wekundu wa kidonda kibichi. Nitausimamisha langoni, kila mgeni aupite.

Kesho saa nne asubuhi anijibu bila kuzunguka: anaikwangua hiyo kahawia kwa mkono wake, au nianze kuchora?