Mbea Aliyefungiwa Kabatini

Ghorofa ya tatu, nyuma ya karakana,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Sisi tu wazima, ila mimi nimechoka mpaka kope zinauma. Siku hizi baba watoto ndiye anayepika. Tunakula kwa uvumilivu.

Uliuliza kazini naongea na nani. Naongea na wanaanga walioko huko juu, na roboti wanayeishi naye chomboni. Ni wa duara kama tikiti, tunamwita Mbea, maana akigundua kitu lazima akiseme. Anaelea chumba hadi chumba bila kuongozwa, anapima hewa, anawamulikia taa wakifanya kazi.

Wiki hii alimganda fundi wao. Kila fundi akijilaza, Mbea huyo kichwani pake, analia kwamba hewa ni mbaya. Fundi kichwa kilikuwa kinamgonga kwa siku mbili. Akapandwa na hasira, akamfungia kabatini.

"Mtoe, kaka," nikamwomba.

"Dada, nataka kulala tu. Vipimo vya ukutani vinasema hewa ni safi."

"Vya ukutani viko mbali na pua yako."

Akakata mawasiliano. Msimamizi wangu akasema tumwache, mtu mzima haamrishwi pa kulala. Sikumsikiliza, Shangazi. Nikamwita nahodha wao, nikambembeleza aende kumtazama.

Akamtikisa, kimya. Akamtikisa tena, kimya. Wakamvuta hadi chumba kingine, na hapo ndipo alipofumbua macho, akaanza kutapika. Kumbe shati lake lilikuwa limeziba feni ya kibanda chake cha kulalia. Huko juu hewa isiposukumwa haiendi popote. Pumzi aliyoitoa ilibaki usoni, akaivuta tena na tena.

 

Jana fundi alinipigia. Hakunishukuru. Aliuliza tu:

"Leo zamu ni yako?"

"Ni yangu. Na Mbea je?"

"Yuko hapa mlangoni."

"Haya."

"Basi ngoja nilale."

Nilimsikiliza akihema mpaka alipopitiwa na usingizi. Kisha nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikalia.

Nisalimie Mjomba, na binamu mshonaji pamoja na wanawe. Mungu akupe afya na mguu mwepesi.

Mpwa wako anayekupenda hata akisinzia,
Kitindamimba