Padre Hakufika

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Miguu inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeitupia kabatini kama ile ya mwanzo? Sisi huku Moshi tuko wazima. Benigna yuko darasa la tatu na viatu vya Pasaka vimeshambana. Mimi nimechoka, mama, sina namna ya kulipamba neno hilo. Tunaingia palizi ya miwa alfajiri, tunatoka mikono imechanikachanika, na vumbi la huku tambarare linaingia mpaka kwenye ugali. Mlima tunauona pale juu, lakini ubaridi wake hautufikii.

Naandika kwa sababu kwenye simu nimeshindwa. Mara tatu nimekupigia nikiwa nimejiandaa, mara tatu nimeishia kukuuliza habari za mahindi. Basi nalisema hapa. Siku ya mazishi ya mume wangu Deus, huko Mbinga, ulinishika mkono ukaniuliza, "Mwanangu alipakwa mafuta matakatifu?" Nikakujibu, "Ndiyo, mama, padre alifika." Padre hakufika. Nilikudanganya mbele ya jeneza la mwanao, na wewe ukamshukuru Mungu.

Nikueleze ilivyokuwa. Huku kwetu mgonjwa akimhitaji padre, habari inapita kwa mwenyekiti wa jumuiya, yeye ndiye anayepiga simu. Mwenyekiti wetu ni Mama Aloyce, Mchagga wa Uru, mumewe fundi kiwandani. Asubuhi ile Deus aliponiambia, "Mke wangu, niitie padre," nilikimbia kwake na kanga moja. Akaniambia, "Rudi kwa mgonjwa, nampigia sasa hivi." Saa sita nikarudi kuuliza. "Yuko njiani," akasema, wala hakunitazama. Saa nane mume wangu akakata roho. Jioni ndipo nikajua kwamba asubuhi hakupiga kabisa. Ng'ombe wake alikuwa anazaa, ndama amekwama, akasahau. Nilipomuuliza ile saa sita aliona aibu akanidanganya ili apige haraka, na wakati huo simu ya padre haikupatikana.

Nilimchukia, mama, chuki ya kweli kweli. Jumuiya inasali Jumamosi nyumba kwa nyumba, na zamu ikifika kwake mimi naumwa kichwa. Kanisani Baba Yetu nilikuwa nasali mpaka kwenye mkate wa kila siku, nafunga mdomo, nasubiri wenzangu wapite pale pa kusamehe, kisha naendelea nao. Komunyo niliacha. Watu wanapanga mstari, mimi nimekaa kwenye benchi nahesabu feni za darini.

Kwaresima ilipoanza, Mama Aloyce akaja mlangoni kwangu. Alinikabidhi jani moja refu la kijani, limefungwa fundo, akasimama anasubiri. Unajua sisi tulivyolelewa na hofu ya majani kukutwa mlangoni. Nilipandwa na hasira sijawahi kuziona. "Umemnyima mume wangu padre, sasa unaniletea na uchawi?" Nikalitupa jalalani mbele ya macho yake. Akaondoka analia, na mimi nikajiona nimeshinda.

Kesho yake katekista wetu, mzee wa hapa hapa, akafika na baiskeli yake anahema.

"Wewe mama, unajua ulichokitupa? Lile ni isale! Huku kwetu mtu akikukosea, hata awe amemwaga damu, akikuletea isale humkatai. Haijapata kusikika. Mwenzako amepanda kwao Uru, hata chakula hali."

"Kwetu hakuna isale, katekista. Kwetu mtu anasema nisamehe kwa mdomo wake."

"Na angesema kwa mdomo, ungemsikiliza?"

Nikaendelea kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Jumapili baada ya misa nikapanda Uru. Nilimkuta shambani, katikati ya migomba, anakata majani ya ng'ombe. Ni mkubwa kwangu, nikampa shikamoo yake, nikamwambia nimemsamehe. Maneno hayo niliyakariri njia nzima kama mtoto wa mafundisho. Akaweka panga chini, akanikumbatia na matope yake, tukalia wote wawili. Akanipeleka ndani akanipa mtori wa moto. Halafu akaniuliza, wala si kwa ubaya, "Siku ile mlipokuwa mnasubiri, wewe na marehemu mlisali nini?"

Mama, nikaweka kijiko chini.

Hatukusali. Deus alipoona padre anachelewa aliniambia, "Basi salisha wewe, mimi nitaitikia." Nikamwambia, "Ngoja, padre yuko njiani." Niliona mimi mpalizi wa miwa nitamsalishia nini mtu anayekufa. Nikatoka, nikasimama barabarani kutazama kama pikipiki ya padre inakuja. Niliporudi ndani alikuwa ameshakwenda, peke yake. Miezi yote hiyo nilimchukia Mama Aloyce kwa sababu nilitafuta mtu wa kumchukia asiwe mimi.

Nimeungama. Padre akaniambia, "Kwa Mungu yamekwisha, kwa mama mkwe wako bado." Komunyo napokea tena. Kila siku najaribu kusali rozari na Benigna kabla ya chakula cha jioni, ila nisikudanganye tena, kuna siku nasinzia kwenye fumbo la pili na yeye ndiye ananigusa bega. Sisikii utamu wowote. Nasali hivyo hivyo na uchovu wangu.

Nisalimie shemeji Kastori na mkewe, wifi yangu Oliva aliyeniosha miguu siku za msiba, na baba mdogo, mwambie kahawa yake bado naidai. Barua hii usiwasomee.

Likizo ya mwezi wa sita tunakuja Mbinga. Ukiona huwezi kunipokea, mtume shemeji aniambie stendi, nitageuza bila kinyongo. Lakini ukinipokea, nipeleke kaburini kwa Deus. Nitapiga magoti nimsalishie kwa sauti, kama alivyoniomba. Yeye hawezi tena kuitikia. Nakuomba, mama, uitikie wewe.

Mkweo aliyekukosea,
Mama Benigna