Mbegu za Msonobari za Hajji

Alhamisi, baada ya wageni kula.

Mpaka sasa tumbo limenyamaza, na ukimya wake siuamini.

Kosa ni la neno langu. Wageni wa hoteli hapa Kikorongo walitaka mchuzi wenye mbegu za msonobari. Nikampigia Hajji Sadiki, mfanyabiashara wa Bwera: "Hajji, nitafutie mbegu za msonobari, nzuri." Leo akazileta mwenyewe.

Za kupikia huwa zimemenywa, nyeupe kama siagi, zinanukia utamu. Zikinuka mafuta ya zamani, unaziacha. Hizi zilikuwa na maganda na vumbi jekundu. Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nikatafuna moja.

Hajji akaruka. "Mama Biira, unakula? Ile iko ya kupanda mulimani! Bametia dawa ya wadudu!"

"Mimi ni mpishi, Hajji. Nipande wapi, kwenye sufuria?"

"Ulisema mbegu. Mbegu mutu anapanda!"

Nilitema, nikasukutua mdomo mpaka ulimi ukafa ganzi. Muuguzi akasema kwa simu nisikae peke yangu, na nikisikia kizunguzungu niende kliniki mara moja. Wageni wamekula mchuzi wa karanga badala yake, wamesifu.

Naogopa. Nimeandika, basi.

Hajji amekataa kurudi Bwera. Amekaa kwenye kiti nje ya mlango wangu, gari limeelekezwa barabarani. Kila mara anaita, "Mama Biira, uko?"

"Niko, Hajji."

Sasa hivi ameita tena, nami nimechelewa kujibu, makusudi.

Kiti kimeanguka.