Siku ya Kumi na Tatu, Mwezi wa Kartik

Basuki Tol,
Mwezi wa Asin, siku ya tano mwezi ukififia

Mwanangu Hemkant,

Uishi miaka mia. Hujambo huko Delhi? Kifua kimepoa? Sisi tuko wazima, kwa uzima wa watu waliotoka majini. Mto ulirudi kwake wiki iliyopita, ukatuachia matope ya magotini na harufu. Chumba cha mashariki kimeanguka. Ng'ombe yu hai ila amekonda, nikimtazama naona haya, na yeye nadhani akinitazama anaona haya.

Barua hii naandika mwenyewe. Dada yako Bibha alitaka kuniandikia, nikamwambia nilisoma madarasa matatu, niache niyatumie. Herufi zikipinda usicheke. Nimekalia tofali na karatasi iko juu ya sinia.

Neno langu ni moja. Siku aliyokufa baba yako inarudi, Kartik si mbali. Ni ada ya mwaka wa kwanza, nayo haifanywi mara mbili. Nakuomba usikose. Mwaka jana ulifika siku ya nne, majivu yamepoa, na moto wa kumchoma alishauwasha Kirtinath. Sikulaumu, treni si punda wako umchape. Lakini tangu siku ile huyo mtoto wa baba yako mdogo akipita uani kwangu anakohoa kama mwenye nyumba. Juzi kaniambia, "Mama mkubwa, usijisumbue kumwita Hemkant. Mimi nimeshazoea." Nimeshazoea! Kama mtu anavyozoea viatu vya mwenzake. Ningemjibu, ila nilikuwa na ndoo kichwani.

Nimemuuliza kuhani wetu, Pandit Chetnarayan. Kasema mwana akija, ada ni yake, hata kama moto uliwashwa na mwingine. Mwana asipokuja, desturi ya kijiji ni aliyewasha moto ndiye anayemtolea marehemu matonge ya wali, na kuanzia hapo kila mwaka ni yeye. Umesikia, baba? Kila mwaka.

Njoo. Nimechoka kuwaeleza watu uko wapi.

Mimi mama yako

*

Delhi, 2 Oktoba 1987

Mama,

Nagusa miguu yako nikiwa mbali. Barua yako imekaa njiani karibu wiki tatu, bahasha ina tope pembeni. Kifua kimepoa, usiku tu ndio kinanikumbuka. Sijacheka herufi zako. Nimezisoma mara nyingi kuliko ninavyosoma za mhariri wangu. Bibha hajambo? Ukuta ulioanguka usiuguse, nitaujenga nikija.

Kazi yangu gazetini ni ileile. Kila siku natafuta yaliyotokea siku kama hiyo: nani alizaliwa, nani aliuawa, vita gani viliisha, mistari sita chini ya picha. Leo ni kuzaliwa kwa Gandhi, nusu ya mji imefunga, mimi niko mezani naandika ya wiki ijayo. Wenzangu wananiita Babu Makaburi. Asubuhi mtu hajavua hata koti ananiuliza, "Babu Makaburi, leo kafa nani?" Nimechoka, Mama. Wafu wa watu hawana mwisho, nikimaliza Desemba naanza Januari.

Wangu sijamsahau. Baba alifariki tarehe kumi na nne Novemba. Ni siku ya kuzaliwa kwa Nehru, watoto wa shule walikuwa wanapita barabarani na bendera zao za karatasi wakati naletewa telegramu. Nimeomba likizo, nimepewa. Tiketi ninayo mfukoni. Nitafika siku moja kabla ya siku yake, tarehe kumi na tatu.

Safari hii mwambie Kirtinath akohoe kwao.

Mwanao,
Hemkant

*

Basuki Tol,
Kartik, siku ya nane mwezi ukififia

Mwanangu wa kiume wa pekee,

Uishi, ukue, upate chakula cha kukushibisha. Hicho kifua cha usiku ni baridi ya sakafu, tandika gunia chini ya godoro. Sisi hatujambo. Bibha alipata homa ya matope, imeondoka. Mimi magoti tu, na magoti si ugonjwa, ni umri.

Barua yako ilifika jana, nikaisoma mpaka ng'ombe akachoka kuningoja. Tarehe zako mimi sizijui. Almanaka yetu ilikuwa ukutani chumba cha mashariki, sasa wanaisoma samaki. Lakini umeandika utafika siku moja kabla ya siku yake, na hilo limetosha. Usiku nililala, jambo ambalo sijalifanya vizuri tangu mvua zianze.

Wewe unayeandika mambo ya kale, je, tetemeko letu umeliandika? Bibi yako alikuwa akisema ardhi ilipasuka mwezi wa Magh, siku mwezi umekufa, na visima vikatapika mchanga. Mwaka hakuujua. Alisema mwaka ni wa serikali, siku ni ya mtu.

Nimetafuta mchele mpya, nimeupata kwa kina Jibachh ambao shamba lao liko juu. Ufuta mweusi ninao. Dhoti yako ya kujifunga siku ya ada nimeifua mara mbili, bado ina rangi ya mto, utanisamehe. Kirtinath alikuja nikamwonyesha barua yako, maana nilitaka aone kwa macho yake. Akaisoma, akarudia kuisoma, akaikunja vizuri kuliko nilivyoikunja mimi. Akasema, "Tarehe nzuri." Akatabasamu. Nimefurahi, huenda moyo wake umelegea.

Chhath mwaka huu Bibha anafunga pamoja nami. Tukishaliabudu jua pale bwawani, siku ya saba ndiyo ya baba yako. Kama unaweza kutangulia ukaja tangu Chhath, tangulia. Ukija siku moja kabla, pia ni sawa. Uje tu.

Mimi mama yako

*

Delhi, 3 Novemba 1987

Mama,

Nagusa miguu yako, na leo sijui kama nina haki ya kuigusa.

Barua yako imenikuta mezani saa nne asubuhi. Nilipofika pale uliposema siku ya saba baada ya Chhath, niliiweka chini. Chhath ilipita Jumatano. Nikahesabu kwa vidole kama mtoto. Nikageuza gazeti letu lenyewe, Mama, gazeti ninaloandika mimi. Chini ya mistari yangu sita, kwa herufi ndogo, huwa wanachapa hesabu ya mwezi wa angani. Kartik, siku ya kumi na tatu, mwezi ukijaa. Leo. Juu yake nimeandika kwamba siku kama ya leo alizaliwa mfalme Aurangzeb.

Ningekumbuka nini? Kwamba tangu nizaliwe hakuna mzee wetu aliyelishwa kwa tarehe, ila kwa mwezi wa angani? Sikukuu ya Diwali husogea, ya Holi husogea, siku ya babu husogea, mimi nikafikiri Baba atakaa pale nilipomwandika. Mwaka jana siku yake iliangukia tarehe kumi na nne, mwaka huu mwezi umetangulia siku kumi na moja. Miaka sita ya kukaa na kalenda ya ofisini imenitoa akili ya nyumbani.

Nilikimbilia stesheni, nikaomba tiketi ya Samastipur, stesheni yetu. Karani akanitazama. "Bwana, hata ukipanda sasa hivi, Samastipur ni kesho jioni. Kuna nini leo?" Nikamwambia baba yangu amekufa. "Pole sana. Lini?" Nikaanza kuhesabu tena kwa vidole, watu wa nyuma wakaanza kunisukuma.

Nimepiga telegramu. Najua haitawahi. Sasa ni saa nane, ada imekwisha tangu adhuhuri, na najua ni nani aliyekaa mahali pangu. Usiniandikie jina lake. Niandikie kama Baba alipata maji.

Likizo yangu bado ni ileile, tarehe ileile. Sijui nije kufanya nini.

Mwanao,
Hemkant

*

Basuki Tol,
Kartik, mwezi mpevu

Hemkant wangu,

Uishi miaka mia, nasema tena. Umekula? Telegramu yako ilifika jana. Mtu wa posta aliisoma kwa sauti mbele ya kisima, kijiji kizima sasa kinajua umekosea siku. Barua hii nampa mtoto wa Jibachh anayepanda treni kesho kurudi kazini huko, ili isilale njiani kama zile nyingine.

Nakueleza ilivyokuwa, kwa sababu utaelezwa na wengine na watatia chumvi.

Siku ya kumi na mbili nilikaa barabarani juu ya tuta tangu asubuhi. Kila baiskeli nilidhani ni wewe. Jioni Bibha akanifuata. "Mama, twende, ataingia usiku." Usiku hukuingia. Alfajiri ya siku yenyewe nikaoga bwawani, nikapika, nikarudi tena kwenye tuta na mikono ina unga. Nilikungoja, mwanangu, siwezi kukuficha.

Jua lilipofika juu ya mwembe wa kina Jibachh, Pandit Chetnarayan akaniita. Uani watu wamejaa. Kirtinath ameshaoga, kifua wazi, dhoti nyeupe mpya, pete ya nyasi kidoleni. Hakuvaa ile niliyokufulia, alikuja na yake. Mtu haji na dhoti mpya kama hajajua tangu zamani.

Nikamuuliza mbele za watu, "Barua ya Hemkant uliisoma?"

"Niliisoma, Mama mkubwa."

"Ile tarehe, ulijua siyo?"

Akaangalia kidole chake. "Hukuniuliza."

Hemkant, nimeishi na maneno mengi makali katika nyumba hii, ya bibi yako mzaa baba pekee yangeua nyoka. Lakini hilo liliyashinda yote. Hukuniuliza. Na ni kweli, sikumuuliza. Nilimpa barua asome kwa majigambo.

Pandit akasema, "Mama, adhuhuri haingoji. Mwana hayupo. Aliyewasha moto akae."

Nikasema, "Hiyo ni desturi. Kitabu je?"

"Kitabu kinasema mwana wa kiume."

"Asipokuwepo mwana?"

Akapangusa miwani yake. Nikamwambia, "Pandit-ji, umekula kwangu tangu nilipoletwa hapa bibi harusi. Sikuwahi kukuuliza kitu ila chumvi inatosha. Leo nakuuliza. Asipokuwepo mwana, nani?"

"Mke," akasema. Polepole, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki mdomoni.

Kule nyuma mama yake Jibachh akapiga kelele, "Jamani, mjane akalishe wafu? Kesho atanyoa na nywele kama mwana wa kiume!" Watu wakacheka. Nikamjibu, "Nywele zilishaisha, dada, njoo uhesabu zilizobaki." Wakacheka zaidi, na walipokuwa wanacheka nikakaa. Kirtinath akasimama pale na kifua chake wazi mpaka mtu akampa shuka.

Sikujua maneno. Pandit alikuwa anasema nami nafuata, mahali pengine nilikosea, akanirudisha. Kwenye matonge ya wali akaniambia, "Mama, haya ni makubwa mno." Nikamwambia ndivyo alivyokuwa anakula. Akaniacha. Magoti yaliniuma, sikusimama. Nilimwaga maji kwa mkono wangu, na ufuta, nikalitaja jina lake kwa sauti. Miaka thelathini na moja ya ndoa sijawahi kulitaja jina lake, Hemkant, mke hataji. Siku ile Pandit alisema lazima litajwe. Nililitaja mara tatu, na mara ya tatu sikutetemeka.

Basi telegramu yako imeuliza kama alipata maji. Alipata.

Sasa jambo ambalo nimelifikiria siku mbili. Pandit amesema aliyetoa ada ya mwaka wa kwanza ndiye ataitoa na ile ya mwakani. Kwa hiyo ni mimi. Nilipoanza kuandika nilitaka kukuambia kwamba ukija mwakani nitakupisha. Nimeufuta mstari huo, utaona karatasi imechubuka. Sitakupisha. Si kwa hasira, hasira inataka nguvu na mimi sina. Ni kwamba mwaka mzima nimekaa nagawa siku ya mume wangu, nikimwomba huyu aje, nikimkataza yule asije, na wala haikunijia kwamba na mimi nilikuwepo. Siku nguvu zikiisha nitakuita. Mpaka wakati huo utakuwa umejifunza tena kuhesabu.

Mwanangu, usilie. Au lia, lakini ukiwa umekula.

Tiketi yako usiirudishe. Hiyo tarehe kumi na nne huku kwetu ni siku tupu, nimemuuliza Pandit, haina ada wala kufunga wala mtu wa kulishwa. Wageni hawapo. Kirtinath amekwenda kwa wakwe zake. Ukuta wa mashariki uko chini vilevile ulivyoniambia nisiuguse. Mwaka wa msiba umekwisha, samaki wameruhusiwa ndani, na bwawa limejaa wale wa mafuriko, wanene. Mimi mjane siwali, lakini kupika sijasahau.

Njoo na njaa.

Mimi mama yako