Bei ya Kiungulia cha Baba

Mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu za kaka yako. Huku kwetu wazima wote. Wifi yako mafua yamemwachia, na mimi bado nahangaika na friji za watu. Wewe je, afya yako? Nakuandikia nikiwa nimechanganyikiwa, na mambo yenyewe hayafai kwenye simu.

Kiungulia cha Baba unakijua. Tangu ahamie kwangu, kila asubuhi kabla ya chai anameza kidonge kutoka kwenye boksi lenye mstari wa buluu, dawa aliyoandikiwa hospitali. Kila mwezi huniomba hela ya kuinunua. Aliniambia bima inalipa kiasi, kinachobaki ni juu yetu, na hicho kinachobaki ni bei ya kuku wawili walionona. Nanung'unika kidogo, natoa.

Wiki iliyopita goti lilimbana, nikamwambia apumzike, dawa nitaifuata mimi. Akasema hakuna haraka, ataenda mwenyewe. Nikaona ni ubishi wa uzee tu, nikatia kadi yake ya bima mfukoni, nikapanda baiskeli nikaenda duka la dawa.

Mbele yangu dirishani alikuwepo mama mmoja mwenye kiungulia vilevile, hana bima wala nini. Akalipa vijisenti, akapewa dawa, akaondoka. Mimi mwenye kadi nikatajiwa bei ya wale kuku. Nikamuuliza mfamasia imekuwaje mwenye bima alipe zaidi. Akanieleza kwa upole kwamba dawa ni moja, viwanda ndivyo tofauti. Boksi la buluu lina jina kubwa, na bima hulichangia kidogo sana. Nikiacha kadi mfukoni nikanunua ile nyingine kwa pesa taslimu, nitalipa robo. Nikamwambia arudie. Akarudia. Mimi kompresa ya friji naielewa hata nikiwa nimefumba macho, lakini hesabu ya kadi inayopandisha bei ilinishinda.

Nikasema basi nitamweleza Baba. Mfamasia akatabasamu.

“Mzee anajua. Yeye ndiye aliyeniuliza mpaka nikamweleza yote. Tangu mwaka jana ananunua hii ya bei ndogo, anaitia kwenye boksi lake la zamani.”

Nikauliza hela inayobaki inakwenda wapi. Akanishangaa.

“Si anamtumia binti yake kodi ya chumba, tangu asimamishwe kazi? Nilidhani nyumbani mnajua.”

Chiriku, nilirudi kwa miguu bila dawa, baiskeli nikaiacha imeegemea ukuta wa duka. Sikujua nimkasirikie nani: Baba anayenizunguka, wewe uliyemwambia yeye ukanificha mimi, au mimi mwenyewe, ambaye mdogo wangu anaona heri kodi yake ipitie tumboni kwa mzee kuliko kuniomba. Mdomo wangu naujua, lakini sikujua unatisha kiasi hicho. Mpaka sasa sijui nimkasirikie nani. Na wewe labda ulidhani anakutumia akiba yake. Baba hana akiba. Wala usihofu, mfamasia amenihakikishia dawa anayomeza ni ileile, tumbo lake salama.

Nilimkuta Baba ameketi mlangoni. Akaniuliza polepole kama nimepata dawa. Nikasema duka lilikuwa limefungwa. Akashusha pumzi.

Jana goti lilipopoa, akaniomba hela ya dawa. Nikampa bei kamili ya boksi la buluu, nikaongeza na kidogo juu, nikamwambia nasikia dawa imepanda. Akazitazama zile noti, akanitazama mimi, akazikunja taratibu.

“Bei za siku hizi hazieleweki, mwanangu,” akasema.

Nikamjibu kwamba kweli, hazieleweki.

Kwa hiyo mwezi huu ukiona hela ya kodi imezidi, ndiyo hiyo. Usimwambie kwamba najua. Na ukipungukiwa tena niandikie mimi. Nitanung'unika, halafu nitatoa. Wifi yako anakusalimu sana, anauliza lini utakuja tukuone.

Ni mimi kaka yako,
Fundi