Barua Niliyoisoma kwa Sauti

Jumatano. Mvua haijakatika tangu alfajiri, na mtaa wetu wote hapa Kariakoo ni tope. Nina hasira. Leo ni siku ya nne na sioni dalili ya kupungua.

Jumapili baada ya ibada nilikaa barazani kuwasomea majirani gazeti la kanisa, kama ninavyofanya kila linapotoka. Wengi wao ni Waislamu wa hapahapa pwani, akiwemo Mzee Salumu, mwenye nyumba tunayopanga, lakini gazeti wanalipenda. Nikawasomea habari za Gavana, nikawasomea za mikutano ya wanaodai uhuru. Kisha wakaomba ukurasa wanaoupenda zaidi, ule wa barua za mambo ya nyumbani.

Barua ya kwanza ilitoka kwa mwanamke ambaye hakutaja jina. Mume wake, alisema, ni mzee wa kanisa la Kilutheri. Binti yao ameolewa na Mroma, yaani Mkatoliki, na baba amemfukuza nyumbani.

Hapo nilisitisha kusoma ili nitoe maoni yangu. Nikasema huyo baba amefanya sawasawa. Nilisema mengi.

Mzee Salumu akauliza, "Kwani hao wote si Wakristo?"

"Si kitu kimoja, Mzee wangu," nikamjibu. "Mambo yetu huyajui."

Nikaendelea. Mwanamke alieleza kwamba siku ile mume wake alilitupa nje sanduku la bati la binti, kufuli likavunjika, nguo zikamwagika mbele ya majirani.

Sauti ikanipungua. Sanduku la binti yangu Aisa nililitupa mimi, mwaka juzi, mbele ya baraza hilihili. Kufuli lilivunjika.

Ningeweza kulikunja gazeti. Sijui kwa nini sikulikunja. Macho yalikuwa yameshatangulia mstari wa chini, na mdomo ukafuata: "Sasa binti yetu amejifungua mtoto wa kiume. Amempa jina la babu yake, na babu yake hana habari. Kila Jumatano namwambia mume wangu nakwenda kwenye maombi ya akina mama, kumbe nakwenda kumwona mjukuu. Je, natenda dhambi?"

Hakuna aliyenitazama. Kila mtu alikuwa anaangalia miguu yake. Ndipo nikaelewa kwamba wote walikuwa wanajua.

Nina mjukuu, na nimeambiwa na gazeti.

"Endelea, bwana," alisema Mzee Salumu. "Wamemjibu nini?"

Nikasoma na jibu, maana kuinuka pale kungekuwa aibu kubwa zaidi. Mhariri alimshauri mama huyo amwambie mume wake ukweli, hata kama atakasirika.

"Ameshaambiwa," alisema Mzee Salumu, akainuka kwenda kuswali alasiri.

Nilimkuta mke wangu uani anachambua mchele.

"Hii barua ni yako?"

"Ni yangu."

"Umenitangaza nchi nzima, Mama Aisa."

Hakuinua uso. "Mara tatu nilianza kukwambia humu ndani, Baba Aisa, ukanikatiza. Gazeti hukulikatiza."

Tangu hapo sijala naye meza moja. Nimemchukia mhariri ambaye hanijui. Nimemchukia Mzee Salumu na ule upole wake. Zaidi ya wote nimemchukia Gaspari, yule fundi cherehani wa Ilala aliyemchukua mwanangu, mtu ambaye hajawahi kunikosea adabu hata siku moja, na hilo nalo linaniudhi.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayenisikiliza. Kule Kilimanjaro nilikulia upande mmoja wa mto, Waroma walikuwa upande wa pili. Tulikuwa tukirushiana mawe njiani kwenda shule, na walimu wetu wakituona walikuwa wanageuka upande mwingine. Nikakua, nikashuka pwani, nikapata ukarani, nikawa mzee wa kanisa. Hakuna aliyewahi kuniambia niache.

Na Jumapili hiyohiyo asubuhi mimi ndiye niliyeongoza sala ya kuziombea familia zilizofarakana. Niliomba kwa sauti nzuri.

Leo asubuhi, kabla sijaenda kazini, Mama Aisa alijifunga khanga mpya, akasimama mlangoni. "Nakwenda Ilala," alisema. Si maombi. Ilala.

Akaenda na mvua yake.

Aliporudi jioni, miguu imejaa tope, nilimwuliza nikiwa nimempa mgongo. "Amebatizwa?"

"Amebatizwa."

"Na padri?"

"Na padri. Alitaka mtoto apewe jina la mtakatifu wao. Aisa akakataa, akasema ni la babu yake au warudi nyumbani. Padri alinung'unika, lakini akaandika."

Nikamwambia aniache peke yangu. Akaniacha.

Kwa hiyo jina langu, Elirehema, limo katika kitabu cha Waroma, limeandikwa kwa wino, na hakuna aliyeniomba ruhusa. Sijamsamehe mtu. Lakini Jumatano ijayo nitaomba ruhusa kazini, nitavaa koti langu la ibada, nitembee mpaka Ilala nikamtazame huyo anayelitumia jina langu.