Maelezo ya Gaudensia Lameck Kuhusu Ndege Iliyoanguka Kibara

KITUO CHA POLISI, KIBARA, WILAYA YA BUNDA
Tarehe: 15 Septemba 2024
Shahidi: Gaudensia Lameck, miaka 34, Mkristo, mfanyabiashara wa dagaa, mkazi wa Kibara.

Baada ya kuelezwa kwamba natakiwa kusema kweli tupu, nasema hivi:

Marehemu Kwangu Lameck ni kaka yangu. Alikuwa fundi wa injini za boti. Ile ndege ya watu wawili aliitengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba yake, kwa mabomba ya alumini na injini ya gari. Alikuwa hajairusha bado. Alikuwaga anaikimbiza tu pale malishoni.

Mnamo tarehe 14 Septemba 2024, saa kumi jioni, aliniomba nikae kiti cha pili ili ndege iwe na uzito. Nikamwambia, "Kaka, mimi sipai." Akasema, "Hatupai. Tunakimbiza tu."

Mkanda wa kupita begani ulikuwa mmoja, aliutoa kwenye gari bovu huko Bunda. Alinifunga mimi, akauvuta mpaka nikalalamika. Yeye alijifunga kamba kiunoni. Nikamuuliza, "Na wewe?" Akajibu, "Mimi nina usukani wa kushika."

Tukiwa kwenye mwendo, upepo wa ziwani ulitunyanyua. Tulipita juu ya ng'ombe. Injini ikazima, tukashuka kwa pua kwenye shamba la mihogo.

Mkanda ulinishika, ukanivunja mfupa wa bega. Kamba ya kaka haikukatika, ila kifua chake chote kilienda kwenye usukani. Tangi lilikuwa mbele yetu, petroli ikawa inatumwagikia miguuni. Mkanda wangu uligoma kufunguka. Kaka alinyoosha mkono akaubonyeza. Akasema, "Toka, Gaude. Mafuta."

Nilitoka. Niliporudi upande wake na watu waliokuwa wanachunga, hakujibu tena. Alifariki njiani tukimpeleka Bunda.

Hakuna aliyenilazimisha kupanda. Wanaosema alikuwa amelewa ni waongo. Kaka alikuwa Msabato, pombe hakuwahi kuionja.

Mama yetu anakaa Mukendo, Musoma. Ameambiwa kaka anatibiwa. Tangu asubuhi ananipigia kuuliza kama ameshakula. Naomba nikimaliza hapa niruhusiwe niende nikamwambie mwenyewe.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, sina la kuongeza.

Dole gumba la shahidi: (G. Lameck)

Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekubali kuwa ni sahihi. Ametumia dole la kushoto kwa kuwa mkono wa kulia umefungwa. Wakati naandika, simu yake iliita tena na tena. Hakupokea.

Koplo Boniphace